Sinki la Mwongera

Mwongera hakuja na bunduki siku ile, na hilo ndilo lililomponza Saad. Angekuja na bunduki, Saad angeufunga mdomo wake kama alivyoufunga kwa kila mtu. Alikuja kofia mkononi, akasimama mlangoni pa kibanda cha fundi pale Majengo ya Meru, akasalimia kwa Kimeru cha taratibu, "Muga, mwana wa Omar," kisha akasema jambo ambalo Saad hakuwahi kuambiwa na mtu tangu azaliwe.

"Mimi ni gichiaro wako."

Saad aliiweka spana chini. Marehemu baba yake alikuwa akimsimulia habari za gichiaro jioni baada ya sala, kwa sauti ya chini, maana maalimu wa msikiti hakupenda mambo hayo. Zamani, koo mbili zilikata damu zikala kiapo, na tangu siku hiyo watu wa koo hizo ni ndugu, vitukuu kwa vitukuu. Gichiaro hanyimwi akiomba. Gichiaro hadanganywi akiuliza. Na gichiaro hamwagi damu ya mwenzake, wala hasimami akitazama ikimwagwa. Ukikosea hapo, huna haja ya kushtakiwa kwa mtu, utaona mwenyewe watoto wako wakiugua mmoja mmoja.

"Baba yako alikuwa mtu wa Tigania kabla hajaitwa Omar," Mwongera akaendelea. "Babu yangu alikuwa mtu wa Igembe, akahamia huku Imenti wakati wa njaa. Nyumba yake na nyumba ya baba yako zilikatana damu. Nimelijua hilo siku nyingi, nikanyamaza tu kwa sababu wewe ni mtu wa msikiti. Nikasema, huyu Mswahili atanicheka."

"Nikucheke kwa nini?" Saad akasema, na jamani, sauti ilimtetemeka.

Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anatetemeka kwa kuitwa ndugu! Lakini msimcheke upesi. Baba yake alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya Wazungu katika vita vya kwanza, akarudi na kanzu na jina jipya, akajenga Majengo pamoja na wachinjaji na wachuuzi waliotoka kila pembe. Saad akakulia hapo. Watu wa mashambani walimwita Mswahili. Waswahili waliokuja kutoka pwani walimwita Mmeru. Kwenye arusi za huku alikaa pembeni, na kwenye arusi za kule alikaa pembeni vilevile. Alijifunza ufundi wa bomba kwa Mhindi mmoja wa serikali, akawa hodari, watu wakamhitaji, lakini kuhitajiwa si kupendwa na Saad alilijua hilo vizuri sana.

Angeweza kuuliza. Shangazi yake Karwirwa alikuwa hai, na kichwani mwa bibi yule koo zote za Tigania zilikaa kama watoto wake wa kuzaa. Lakini ilikuwa miaka ya Imajensi, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni. Karwirwa alikuwa amefungiwa katika kijiji cha serikali pamoja na wenzake, handaki limewazunguka, mianzi iliyochongwa imesimamishwa ndani yake, na kwenda kumwona kulitaka kibali cha mkuu wa kamatimu, yaani walinzi wa serikali. Na mkuu wa kamatimu upande ule alikuwa nani? Mwongera mwenyewe. Saad alifikiri kidogo juu ya kibali, akaona aibu kumwomba mtu kibali cha kwenda kumchunguza yeye mwenyewe. Akaacha.

"Sasa, gichiaro wangu, unataka nini?" akauliza.

"Sinki," Mwongera akasema, akacheka. "Nataka unitilie sinki la Kizungu bafuni."

Nyumba ya Mwongera ilikuwa ya mawe, mpya, juu ya kilima, na kila mtu alijua mawe yale yalichongwa na watu waliolazimishwa. Sinki lilitoka Timau. Mzungu mmoja wa ngano alikuwa anafunga virago, akauza kila kitu hadi vitasa vya milango, na Mwongera akaleta sinki lile kwa lori, limelazwa juu ya magunia ya majani makavu. Lilikuwa jeupe, zito, beseni lake pana lenye mabega ya mviringo, na chini yake mguu mmoja mnene wa udongo uleule mweupe. Lydiah, mke wa Mwongera, alilipangusa kwa kitambaa akalizunguka mara kadhaa.

"Fundi, kitu hiki chote kinasimama kwa mguu mmoja?" akauliza. "Si kitatuangukia?"

"Mguu huu ni wa kuficha bomba tu, mama," Saad akamwambia. "Unasaidia kidogo, lakini anayebeba ni ukuta. Ukutani ndiko nitakakolifunga."

"Alaa. Mimi nilidhani mguu ndio mwenye kazi."

"Kila mtu hudhani hivyo."

Mwongera aliyekuwa akisikiliza mlangoni akaingia akamshika Saad bega. "Huyu ni gichiaro wangu, Lydiah. Mpe chai ya maziwa matupu." Lydiah alimtazama mumewe, akafungua mdomo, kisha akaufunga, akaenda jikoni. Chai ilipokuja nusu yake ilikuwa kwenye sahani. Saad aliona, akadhani mwanamke ana haraka zake.

Sasa lazima niwaambie habari za Kasim, maana kila kitu kinamhusu yeye.

Kasim alikuwa mdogo wake Saad, baba mmoja mama mmoja, mchinjaji pale sokoni. Mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa. Watu wa msituni walituma mtu kwake mara moja, akawapa nyama. Wakatuma tena, akawapa tena. Alipoulizwa na kaka yake kwa nini, alisema, "Wana njaa, kaka. Mimi nina nyama. Ungetaka niwape nini, sabuni?" Mtu mmoja akanong'ona, kamatimu wakaja buchani, wakamkuta ametoka kwa dirisha la nyuma. Enzi zile mtu aliyewalisha watu wa msituni aliweza kunyongwa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa mara mbili. Saad ndiye aliyempeleka mafichoni, amelala ndani ya lori la ngozi, mpaka Runyenjes kwa Bulle, Msomali mfanyabiashara wa ngozi aliyewahi kula chumvi na baba yao. Bulle akamweka Kasim nyuma ya ghala, katikati ya matita ya ngozi za ng'ombe, mahali ambapo harufu peke yake ilitosha kumfukuza askari.

Walipoagana Kasim alimshika kaka yake mkono. "Usimwambie mtu. Hata Rahema."

"Hata mkeo?"

"Rahema watamchukua wamuulize. Asichokijua hawezi kukisema. Niahidi."

Saad aliahidi. Na alitimiza, wallahi alitimiza! Rahema alikuwa akija kila asubuhi baada ya kuuza maandazi yake, anakaa kwenye kizingiti cha kibanda, anauliza.

"Shemeji, yuko hai?"

"Yuko hai."

"Yuko wapi?"

"Rahema, usiniulize."

"Nikuulize nani? Niambie upande tu. Juu au chini? Nijue nikilala nielekee wapi."

"Ni amana, shemeji. Siwezi."

Siku moja alipiga magoti. Mwanamke mwenye haya zake, mtandio umemwanguka, amemshika Saad miguu mbele ya wapita njia, anaomba aambiwe jina la mji tu. Saad alilia naye. Hakusema. Usiku ule hakula, lakini moyoni alijiona mwanamume.

Basi turudi bafuni.

Saad alikuwa na taratibu zake. Kwanza alilisimamisha sinki kavu, bila skrubu wala bomba, akaweka pima maji juu ya ukingo, akasubiri lile tone la hewa litulie katikati. Akachora ukutani kwa penseli. Akalitoa, akatoboa ukuta kwa patasi na nyundo, akapigilia vipande vya mbao ngumu ndani ya matundu ili skrubu zipate pa kuuma. Akavuta bomba kutoka tangi la mabati lililosimama nje juu ya jukwaa la mbao. Siku zote hizo Mwongera alikuwa akipita, anakaa kidogo, anazungumza. Aliuliza habari za marehemu Omar, akasikiliza kwa makini. Alimwita Saad ndugu mbele ya walinzi wake, na walinzi wale, vijana wenye mikuki na makoti makubwa, wakawa wanamwondokea njia. Mtu aliyezoea kukaa pembeni akaanza kutembea katikati ya njia. Mwongera alikuwa akimvika kilemba cha ukoka, na Saad akakivaa mpaka masikioni.

Siku ya mwisho ndiyo siku ya kazi ngumu. Beseni limeshafungwa ukutani, mguu umeshasimama, na fundi lazima alale chali sakafuni, akumbatie mguu ule, mikono ipite nyuma yake, afunge nati ya bomba la maji machafu kwa kupapasa. Hapo huoni kitu. Unaona chini ya beseni, na ukigeuza shingo, unaona sakafu. Saad alikuwa amelala hivyo, ameibana katani ya kuzibia kati ya meno, aliposikia hatua. Viatu vya kahawia vilivyopakwa rangi vikasimama karibu na sikio lake.

"Unaendeleaje, ndugu?"

"Namalizia."

"Gichiaro," Mwongera akasema polepole. "Nataka kukuuliza neno. Nimeogopa kukuuliza siku zote hizi."

Saad aliitoa katani mdomoni. "Uliza."

"Kasim yuko wapi?"

Spana ilisimama juu ya nati. Viatu vile havikusogea.

"Nisikilize kabla hujajibu," Mwongera akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Bwana DO, yule Mzungu wa wilaya, amewaita watu wa upelelezi kutoka Embu. Hao si watu wetu, hawamjui mtu. Wakimpata wao kwanza, kwisha. Mimi nikijua aliko, nitajua jinsi ya kuwapoteza wasifike huko. Kaka ni kaka, na mimi kwa gichiaro ni kaka yake pia. Nakuuliza kwa gichiaro, mwana wa Omar."

Sasa fikirini pamoja na Saad, amelala pale chini ameukumbatia mguu wa sinki. Kusema uongo hawezi: amekwisha ulizwa kwa gichiaro, na ana watoto nyumbani. Kunyamaza ni kunyima, na kunyima ni yaleyale. Lakini haukuwa woga peke yake uliomfanya aseme. Aliona mwanga! Aliona kwamba siri hii, kati ya watu wote wa dunia, mahali pake salama kuliko kifua chake mwenyewe ni kifua cha gichiaro. Askari wanaweza kumpiga Saad mpaka aseme. Gichiaro hawezi kusema hata akitaka, kwa kuwa damu ya Kasim ikimwagika kwa neno lake, nyumba yake yeye itateketea. Ilikuwa sawasawa na kuweka dhahabu kwa mtu ambaye akiigusa anakufa. Nani angekataa sanduku kama hilo?

"Runyenjes," Saad akasema. "Kwa Bulle wa ngozi. Nyuma ya ghala."

"Ahsante, ndugu," viatu vikasema, vikaondoka.

Saad alifunga nati ile na machozi ya faraja yanamtoka, mzigo umeshushwa. Akafungua maji. Hakukuwa na tone lililovuja. Ilikuwa desturi yake kila bomba jipya kulijaribu kwa kutia udhu, basi akamwomba ruhusa Lydiah, akanawa mikono, uso, akapangusa kichwa, kisha akainua mguu wake akautia ndani ya sinki jeupe la Timau. Lydiah akapiga ukelele. "Fundi! Mguu! Humo ndimo tutakamonawa nyuso!" Wakacheka wote wawili, lakini Lydiah alikuwa wa kwanza kunyamaza. Saad akasali adhuhuri varandani pa nyumba ile, akamwombea dua Kasim, na baada ya Kasim akamwombea Mwongera.

Wiki haikuisha, Kasim akakamatwa.

Habari ilikuja na dereva wa lori la ngozi. Walikuja mchana peupe, watu wa Embu, hawakuuliza kitu, walikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala wakaanza kuburuta matita. Kasim alitoka mwenyewe, mikono juu. Bulle alipigwa akachukuliwa naye. Wote wawili walikuwa rumande Embu.

Rahema alikuja kibandani mbio, hana hata mtandio.

"Runyenjes! Alikuwa Runyenjes siku zote, shemeji? Hapa tu? Nani alijua?"

"Mimi na Bulle."

"Basi ni Bulle."

Jina lingine lilimpita Saad kichwani, akalifukuza upesi kama mtu anavyofukuza mbwa msikitini. Haiwezekani! Gichiaro hawezi. Angekuwa amekwisha kuugua, nyumba yake ingekuwa na kilio, na jana tu alimwona barabarani mzima kama ng'ombe. Ni Bulle.

"Ni Bulle," akasema.

Rahema aliinua mikono akamlaani Bulle na kizazi chake, laana moja baada ya nyingine, mpaka majirani wakatoka. Saad akaitikia amina. Alisikia vibaya kidogo kusema amina ile, lakini alisema.

Ndipo alipokumbuka, na furaha ikampanda hadi kooni. Undugu huu si wa upande mmoja! Kama yeye hakuweza kumnyima Mwongera, Mwongera naye hawezi kumnyima yeye. Na Mwongera ana sikio la DO. Neno lake likitoka, mfungwa anatoka.

"Vaa buibui lako," akamwambia Rahema. "Leo mumeo ataombewa na mtu asiyeweza kukataa."

Njiani alimweleza habari za gichiaro. Rahema hakuzijua. Watu wake walikuwa mchanganyiko, babu kutoka huku, bibi kutoka kule, na mambo ya koo hayakuwahi kumhusu. Alisikiliza akipanda kilima, anahema.

"Kwa hiyo ukimwomba hawezi kukunyima?"

"Hawezi."

"Na ukimuuliza hawezi kusema uongo?"

"Hawezi kabisa."

Rahema akaenda hatua kadhaa. "Na yeye akikuuliza wewe?"

Saad alisema kilima hiki kina mawe mengi, atazame asijikwae.

Walikuta sherehe. Mwongera alikuwa amewaalika wazee wa lokesheni, eneo lile lote, waje waone nyumba, mbuzi wamechomwa, na kabla ya kula kila mzee alipelekwa bafuni kunawa mikono kwenye sinki. Wengine walitoka wakicheka, wengine wakinusa mikono yao kwa sababu ya sabuni. Mzee Runji, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alikataa kuingia. Alisema hajapata kunawa ndani ya nyumba na hataanza leo, akaletewa maji kwenye kibuyu.

"Huyu hapa fundi mwenyewe!" Mwongera akapaza sauti alipomwona Saad. "Mpeni nyama."

Saad hakuchukua nyama. Alisimama katikati ya uwanja, Rahema nyuma yake, akasema kwa Kimeru ili wazee wote wasikie, "Gichiaro wangu, uliniomba sinki, sikukunyima. Leo mimi nimekuja kuomba. Naomba ndugu yangu Kasim. Mwombee kwa DO aachiwe."

Mwongera aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa halina kazi tena usoni pake.

"Tutazungumza kesho, fundi. Leo ni siku ya wageni."

"Kesho watamhukumu. Naomba leo. Naomba kwa gichiaro."

"Gichiaro gani?" Mzee Runji akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu.

Saad akamgeukia kwa heshima. "Mzee, mimi baba yangu alikuwa wa Tigania. Babu yake Mwongera alikuwa mtu wa Igembe, akahamia huku wakati wa njaa. Nyumba zao zilikatana damu."

Mzee Runji alitafuna nyama yake akaimaliza. "Babu yake huyu nilichunga naye mbuzi," akasema. "Alizaliwa pale chini mtoni, na baba yake alizaliwa palepale. Igembe anaye nani? Mwongera mwenyewe Igembe huenda kununua miraa." Kisha akamtazama mwenye nyumba. "Mwongera. Ulimwambia mtu huyu wewe ni gichiaro wake?"

Wale vijana wa mikuki walikuwa wamesimama wima. Baadhi yao walirudi nyuma kidogo, mbali na bwana wao, kama mtu anavyojitenga na mwenye ndui. Mwongera aliona. Akacheka kwa nguvu.

"Wazee, mnanitazamia nini? Nilifanya kazi ya serikali! Mtu wa Majengo ukimpiga, hasemi. Ukimfunga, hasemi. Lakini mwambie ni mwenzako," hapo akapiga makofi mara moja, "atakwambia mpaka alichozikwa nacho bibi yake. Sikumgusa hata kwa kidole. Alikuwa amelala pale chini ya sinki, nikamuuliza ndugu yake yuko wapi, akaniambia kwa kinywa chake: Runyenjes, kwa Bulle wa ngozi, nyuma ya ghala. Mimi nimemwaga damu ya nani? Na gichiaro kinatoka wapi kati yangu na Mswahili?"

Mtu mmoja akacheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Mzee Runji aliweka mfupa wake chini, akafuta mikono kwenye majani bila kuomba maji, akachukua fimbo yake akaondoka. Wazee wengine wawili wakamfuata. Lydiah alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, anatazama ardhi.

Saad alikuwa anajaribu kuhesabu mambo aliyompa mtu huyu, na kila alipofika kwenye jina la baba yake, hesabu ilimpotea. Hasira ilikuwepo, kubwa, lakini haikupata njia ya kutokea. Alisikia aibu, aibu ya mtu mzima aliyevuliwa nguo sokoni, kwa sababu aliyoyasema Mwongera yalikuwa kweli. Neno moja tu lilitosha. Hakuhitaji kupigwa.

"Na ukiwa hapa, fundi," Mwongera akamwita Saad aliyekuwa ameshageuka, "hebu tazama ile nati. Maji yanadondoka."

"Sitaki," Saad akasema. Sasa aliweza kumnyima, na hakukuwa na chochote duniani cha kumnyima isipokuwa nati.

Akatoka. Rahema alikuwa ameshatangulia mbele, anashuka kilima kwa haraka, buibui linakusanya vumbi. Alikuwa anajua Kimeru cha sokoni, na alikuwa amesikia kila neno. Saad alimkimbilia.

"Rahema. Shemeji. Nilidhani ni gichiaro. Aliniuliza kwa gichiaro."

Rahema alisimama. Hakuwa analia. Saad angefurahi kama angekuwa analia.

"Nimemlaani Bulle," akasema. "Mtu wa watu, amepigwa kwa ajili ya mume wangu, na mimi nimemlaani na watoto wake. Na wewe ukaitikia amina."

"Sikujua. Nakuapia sikujua."

"Huyu Mwongera mlikata naye damu lini?"

"Hatukukata. Hakuna gichiaro. Umesikia mwenyewe."

"Na Kasim?"

Saad hakuelewa.

"Nakuuliza wewe na Kasim mlikata damu lini," Rahema akasema. "Si mlitoka tumbo moja? Mlihitaji kukata?"

Rahema akapiga hatua moja kumkaribia.

"Mimi nilikushika miguu, shemeji. Njiani, mbele ya watu. Nilikuomba jina la mji tu, ukaniambia ni amana." Akavuta buibui lake akaliweka sawa, polepole, kama mtu anayejiandaa kuingia mjini. "Mimi mkewe."

Akaendelea kushuka. Saad alisimama palepale barabarani mpaka akamwona ameingia Majengo, na hata hapo hakujua afuate njia ipi.